Siku Tuliyofunga Kioo na Baba Mkwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo viganja vinanitoka jasho. Siku nyingi za ujana wangu zimekwenda zake. Ukiniuliza nilivaa nini siku ya harusi yangu nitakudanganya. Lakini siku hiyo ninayo yote, harufu ya sabuni na matope ya Isongole. Kaa vizuri nikusimulie, na uache kutazama jikoni. Chai ikichemka utaitwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, zile za mwishomwisho, nami nilikuwa mkamwana mpya katika nyumba moja ya Ikinga, kwenye milima ya Undali. Mume wangu, Yohana, alikuwa amekwenda kuchimba shaba Rodeshia ya Kaskazini kama vijana wengi wa kwetu, akaniacha kwa wazazi wake nikiwa na mimba changa. Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kahawa na wa kanisa, mrefu, mkimya, mwenye kikohozi kikavu alichokitumia kutujulisha kwamba anapita. Jina lake sikutajii. Si kwamba nimelisahau. Ulimi wangu ulikatazwa kulitamka tangu siku niliyoolewa, na ulimi wa kizee haufundishiki upya.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, kwa hiyo nikueleze mapema, maana ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu mkigombania paja la kuku. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutazamana. Hapakuwa na salamu, wala kupokezana kitu mkono kwa mkono, wala kukutana njiani. Nikisikia kikohozi chake nilitupa kuni chini, nikaingia migombani na kujifunika nguo kichwani hadi apite. Yeye naye akiniona kwa mbali aligeuza uso akautazama mlima, utadhani mlima umemwita. Akihitaji jambo alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaniambia mimi. Mchungaji alikuwa akisema kanisani kwamba si dhambi wakwe kusalimiana; sote tuliitikia amina, na tukitoka nje mimi nikaenda zangu migombani kujificha.

Usicheke. Walionilea waliniambia kwamba mkamwana akimtazama baba mkwe usoni tumbo lake hufunga, na kama limekwisha kushika, mtoto hafiki. Mwacha mila ni mtumwa, walisema. Nami nilikuwa na tumbo la kwanza, ambalo kila asubuhi nililipapasa nikihakikisha kwamba bado lipo.

Aliyenisimamia katika mambo hayo yote alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Siku ya kwanza kabisa alinionyesha njia zangu na njia za mzee, mlango wangu na mlango wa mzee, na siku niliyochelewa kujificha alinishika sikio hadi likawaka moto. Lakini nilipougua malaria alinilisha uji kwa mkono wake mwenyewe, akinitukana kila kijiko kwa sababu eti nakula kama ndege. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu kwenu habari za mama wakwe ni utani mtupu. Mimi yule mama nilimpenda.

Sasa tuje kwenye gari. Baba mkwe alikuwa amenunua pikapu kuukuu kwa mzungu mmoja wa kahawa wa Mbozi aliyekuwa akirudi kwao. Injini ilikuwa nzima, ila mipira ya vioo ilikuwa imekufa kabisa. Jua lilikuwa limeikausha hadi ikapasukapasuka kama kisigino cha mkulima, na mvua ikinyesha maji yaliingia kwa juu, kwa pembeni na kwa chini ya kioo cha mbele. Mzee aliziba kwa nta ya nyuki na matambara. Mvua iliyofuata ilivitoa vyote. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," mama mkwe alimwambia, naye akakohoa tu. Kuna safari moja alimpeleka harusini, kijiji cha Mpemba, mama akashuka pale mbele ya wageni nguo imelowa hadi mapajani, na habari hiyo mzee aliisikia kila walipogombana.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, mama mkwe akaanza kukohoa. Tukadhani mafua. Kikohozi kikashuka kifuani kikawa kichomi, na kila akivuta pumzi alishika ubavu. Baba mkwe akakata shauri kwamba kesho yake asubuhi ampeleke hospitali ya misheni, kule Mbozi. Mipira mipya alikuwa ameshainunua Mbeya dukani kwa Mhindi, ikakaa imeviringishwa msumarini ukutani ikingoja siku. Akaona siku ndiyo hiyo. Mgonjwa wa kifua hanyeshewi, na mbingu ya Undali ukishaiona inavimba upande wa Nyasa ujue haitanii.

Asubuhi hiyohiyo aliyokata shauri, ikaja habari ya msiba kutoka ng'ambo ya Mto Songwe. Kwetu msiba hauachwi. Wakaondoka wote, wake kwa waume, na majirani wote wa mgongo ule wa mlima, pamoja na mpwa wa baba mkwe aliyezoea kumsaidia kazi za gari. Nyumbani tukabaki watatu: mama mkwe kitandani, mimi wa kumwuguza, na mzee nje na pikapu yake.

Mipira ya vioo vya milango aliifunga peke yake, bila shida. Nilikuwa nikimchungulia kwenye nyufa za ukuta wa jiko, maana kuchungulia mgongo haikuwa mwiko. Kisha akaukata mpira wa zamani wa kioo cha mbele kwa kisu, akakitoa kioo chote, akakilaza juu ya blanketi uani. Akaanza kusugua kingo za chuma kwa mafuta ya taa ili kuondoa kutu na ile nta yake. Gari likabaki na tundu kubwa mbele, na yeye hakuwa na haraka. Safari ilikuwa kesho.

Mchana ndipo mama mkwe alipobadilika. Niliingia na uji nikakuta midomo imekuwa rangi ya jivu, pua zinapanda na kushuka, na akijaribu kusema neno linakatika katikati. Kulala hawezi tena. Nikamburuta na mkeka wake hadi barazani, nikamwegemeza kwenye gunia la mahindi apate hewa. Kisha nikasimama pale nimeduwaa, kwa sababu mtu wa kupeleka habari kwa mzee alikuwa ni yeye, na yeye ndiye aliyekuwa anakufa.

Nikachukua sufuria nikaigonga kwa mwiko. Baba mkwe akaja mbio. Aliponiona akageuka upesi, nami nikajificha nyuma ya mlango. Akauambia ukuta, "Mgonjwa vipi?" Nikaliambia jiko, "Mgonjwa hafiki kesho."

Nikasikia akipiga magoti kando ya mkewe. Akasema, "Tunaondoka leo." Kisha akainua macho akaliona gari lake lilivyo, na wingu jeusi lililokwisha kufunika vilele vya upande wa pili. Ungeuliza, kwa nini tusiende hivyohivyo bila kioo? Wewe hujapanda milima ile kwa gari wakati wa mvua. Upepo na maji vingempiga mama yule kifuani njia nzima hadi Mbozi, na tungemshusha maiti. Huko nyuma kwenye bodi ndiko kabisa, hata turubai hapakuwa nalo.

Nikueleze namna kioo kile kinavyofungwa, maana bila hilo hutaelewa. Kioo unakivisha mpira pande zote. Mpira wenyewe una mdomo unaotakiwa kuukumbatia ukingo wa chuma wa gari. Ndani ya mdomo huo unalaza kamba kuzunguka kioo chote, ncha zake zinabaki ndani ya gari. Unapaka maji ya sabuni. Kisha mtu mmoja anakibana kioo kwa nje, na mwingine ameketi ndani anaivuta kamba taratibu; kamba inapotoka inaubinua mdomo wa mpira, na mdomo unakamata chuma. Anapovuta wa ndani, hapohapo ndipo wa nje anatakiwa kubana. Akibana pengine, kioo kinaruka.

Baba mkwe alijaribu peke yake. Alibana, akakimbilia ndani kuvuta, kioo kikaanza kulala, akarudi nje mbio kukidaka. Akajaribu tena. Akashuka hadi ukingo wa shamba akaita kwa sauti yake yote, na bondeni wakajibu mbwa tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akarudi, akasimama mbele ya pikapu, na nikamsikia akiiambia, "Gari hili lingepata mtu wa kuketi ndani avute kamba."

Nilisikia, na sikujitikisa. Nilikuwa nimeshika tumbo. Yeye alibaki amesimama pale amenipa mgongo, na nyuma yangu mama mkwe anakoroma kila pumzi. Mwishowe nikajifunga nguo kichwani nikabakisha upenyo wa kuona ninapokanyaga, nikaenda upandeupande kama kaa hadi kwenye gari, nikaketi.

Tukaanza. Yeye nje kakumbatia kioo, uso kaugeuzia mlima. Mimi ndani nimeinamia magoti yangu. Akaliambia gari, "Kamba ianze chini. Polepole." Nikavuta. Sikujua anabana wapi, naye hakujua navuta wapi. Sehemu ya chini ikakamata vizuri tukajipa moyo, nikavuta zaidi upande wa kushoto, yeye akabana kulia. Mpira ukafyatuka. Kioo chote kikateleza kwenye sabuni, kikashuka juu ya boneti, na mzee akajitupa akakidaka kwa kifua. Pembe yake ikagonga chuma. Ulisikika mlio mdogo tu, lakini nilipothubutu kuchungulia niliona ufa, urefu wa kidole, kwenye pembe ya chini.

Kioo kile hakikuwa na ndugu yake karibu. Kikivunjika, mtu aagize Dar es Salaam na angoje. Nilifungua mlango nikakimbia, mwanangu. Nikaingia migombani, nikajifunika, na nikamwacha yule mzee amesimama amekumbatia kioo chake kama mtoto.

Ndipo nilipoitwa. "Tabita!"

Sikudhani kwamba mama mkwe bado ana sauti. Kutoka pale barazani alikuwa ameona yote.

"Tabita, toka huko migombani."

Nikatoka, nikasimama nyuma ya nguzo, uso chini.

"Nani alikufundisha kujificha?"

"Ni wewe, mama."

"Basi mimi ndiye ninayekuambia leo usijifiche." Akashika ubavu, akangoja pumzi irudi. "Na wewe, baba Yohana. Umetumwa na nani utazame mlima? Mlima ndio utakaokufungia kioo?"

Baba mkwe akajibu kwa sauti ya chini, "Mama Yohana, ni mila. Na huyu ana tumbo."

"Najua ana tumbo! Ni mjukuu wangu!" Akakohoa hadi nikadhani ndiyo basi. Kikohozi kilipotulia alisema nusunusu, neno na pumzi, neno na pumzi. "Mnataka kunizika kwa heshima? Mtanizika vizuri sana. Mmoja huku, mmoja kule, mmepeana migongo. Watu watawasifu. Lakini nitakuwa nimekufa!"

Radi ikapiga upande wa Nyasa.

"Niliwatenganisha mimi," akasema, "ili nyumba hii ikae kwa adabu. Nyumba ni watu. Sasa nawafungulia. Kama kuna adhabu ije kwangu niliyeamuru, Mungu ananisikia. Tabita, mwanangu, mtazame. Fungeni kioo. Habari za mila tutaongea nikipata pumzi."

Nitakwambia kweli: kwa muda ule mfupi nilimchukia. Niliona ananidai mtoto wangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nami nilijiambia kwamba yeye ameshazaa wake, wamekua, hajui tena hofu ya tumbo la kwanza. Kisha nikamwangalia mdomo. Alikuwa amefumba macho akitafuta hewa, akifungua kinywa na kukifumba. Ile adhabu nilikuwa nimeisikia tu. Huyu nilikuwa namwona.

Nikaitoa nguo kichwani nikaifunga kiunoni, nikaenda nikaketi ndani ya gari.

Baba mkwe alipaka sabuni upya, akalaza kamba, akakiinua kioo. Uso wake ukaja mbele ya uso wangu, katikati yetu kioo tu. Nilikuwa nimekaa nyumba moja na mtu yule tangu mavuno, na sikuwa najua kwamba ana macho ya Yohana. Yaleyale, ya hudhurungi, yaliyoshuka pembeni. Nilitarajia awe mkali. Nilikuta ameogopa kuliko mimi. Yule aliyekuwa akihema barazani alikuwa mke wa ujana wake, na kioo kilikuwa na ufa.

"Shika kamba, mwanangu," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kunisemesha tangu niolewe. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Matone ya kwanza yakaanza kugonga boneti. Nilianza chini katikati, nikavuta upana wa kiganja, nikamtazama, akasogeza mikono yake hapohapo, akabana, akaitikia kwa kichwa, nikavuta tena. Macho ndiyo yaliyofanya kazi. Nikivuta haraka alikunja uso, nami nikapunguza. Tukapanda upande wa kulia, tukazunguka juu, mvua sasa inamshukia mgongoni na kumtiririka masikioni, na maji ya sabuni yanafanya povu puani kwake asiweze kujipangusa. Tukateremka upande wa kushoto. Ikabaki ile pembe ya ufa.

Pale kamba ikagoma. Nilivuta kidogo, ikakaza. Niliona ufa ule unameta kila nilipoigusa kamba, na tumboni mwangu kitu kikajikunja, nikadhani ndiyo adhabu yenyewe imefika. Nikaanza kulia. Mikono ilikuwa inataka kuivuta ile kamba kwa nguvu ili jambo liishe, livunjike lisivunjike, liishe tu.

"Usivute," akasema kutoka nje, kwa upole sana, katikati ya mvua. "Usitazame ufa. Nitazame mimi. Mpaka nikwambie."

Nikamtazama. Aliweka kiganja kimoja juu ya pembe na kingine chini yake, akaegemea taratibu, taratibu, hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akaitikia kwa kichwa. Nikavuta. Kamba ikatoka yote mkononi mwangu, mpira ukajibinua, ukakamata.

Ufa ulibaki palepale urefu wa kidole. Baba mkwe alikiegemeza kioo paji la uso. "Ndaga," akasema. Kwetu hiyo ndiyo asante, na sijui alikuwa anamshukuru nani, mimi au Mungu.

Hatukungoja. Alimbeba mkewe mikononi akamweka katikati, mimi nikaketi mlangoni nikimshikilia asiinuke wala asilale, mzee akazungusha hendeli na injini ikaitika. Njia ya Isongole siku ile sitaki hata kuisimulia. Gari lilikwenda ubavu, likazama, mzee akashuka kukata matawi na kuyalaza chini ya matairi, tukatoka, tukazama tena. Mvua ilikipiga kioo kwa hasira. Nilitazama kingo zake zote, juu, chini, pembeni, nikingoja tone. Maji yalitiririka kwa nje na huko nje yakaishia. Mama mkwe alikuwa ameniegemea bega, pumzi zake zinanigonga shingoni, na kila zilipochelewa nilimtikisa. Safari moja nilimtikisa asijibu. Nikaita, "Mama!" na baba mkwe akapiga breki gari likakaa upande, sote tukamwinamia. Akafumbua jicho moja. Akasema, "Leo silowi," akalifumba tena. Yule mama, hata mautini, hakuacha kumkumbusha mtu harusi ya kule Mpemba.

Jua lilikuwa linazama tulipofika misheni. Walimchoma sindano, wakamchoma tena, wakamlaza. Siku zilizofuata hazikuwa rahisi, lakini homa ilimwachia na pumzi ikashuka mahali pake. Mganga alituambia kwamba kifua kile kisingestahimili kulowa. Baba mkwe aliondoka akaenda kusimama nje peke yake muda mrefu, na mimi nikamwacha.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi wakisimuliwa hawaipendi.

Tuliporudi Ikinga, wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha pata habari, maana mlimani kwetu hata jiwe lina mdomo. Wakakusanyika. Akina mama wakubwa walinitazama tumbo kwa huruma iliyoniuma kuliko matusi. Baba mkwe alichinja mbuzi, akasema mbele ya wote kwamba lililotendeka lilitendeka kwa amri ya nyumba yake, na mtu asimnyooshee kidole mkamwana. Mama mkwe, amefunikwa blanketi pale barazani, akawaambia wale kwanza kisha waseme. Walipokwisha kula hawakuwa na la kusema.

Asubuhi yake nilikuwa narudi na kuni nikasikia kikohozi njiani. Nikasimama. Sikujua nifanye nini. Macho yale nilishayaona, sauti ile ilishaniita mwanangu. Nijifiche nini tena? Mama mkwe akapiga kelele kutoka mlangoni, "Tabita! Unangoja ngoma? Jifunike!"

Nikatupa kuni, nikakimbilia migombani, nikajifunika. Na huko ndani ya nguo nikacheka hadi machozi yakanitoka, kwa furaha tu, kwa sababu alikuwa hai wa kunipigia kelele. Baba mkwe akapita akitazama mlima wake. Hatukutazamana tena hadi siku alipofariki. Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye mapafu ya bibi yake.

Mwalimu mmoja kijana wa kanisani aliwahi kuniuliza, "Bibi, kama ulimtazama mara moja na hukufa, kwa nini ulirudi kujificha? Huoni ni ujinga?" Nikamwambia, mlango ukifunguliwa usiku wa hatari kumpitisha mgonjwa, kesho yake hatuuchanji kuni. Tunaufunga, tunaendelea kuishi ndani. Alinitazama akaona kizee hiki kimechoka. Labda sasa kimechoka. Sikuchoka siku ile.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, ishike. Mambo mliyoachiwa na wakubwa msiyatupe kwa kuwa hamjui kazi yake. Na msiyaabudu hadi mtu akafia mbele yenu mmejifunika nguo. Aliyekufundisha akikuambia legeza, legeza. Usiwe mkali kuliko mwalimu wako, maana yeye anajua kwa nini alikaza. Na gari lako, nyumba yako, ndoa yako, vyovyote ulivyo navyo, ziba kabla mawingu hayajavimba, usije ukakutwa kioo kipo chini na mgonjwa yupo barazani.

Lakini kubwa ni la mbele, kwa sababu hutabaki kijana. Iko siku wewe ndiwe utakayekuwa mkubwa wa nyumba, na vijana watasimama mbele yako wanatetemeka kwa jambo ulilowakataza wewe mwenyewe. Hawataweza kujifungulia, kwa kuwa hofu yao ni ya kweli, na wewe ndiwe uliyeipanda. Wafungulie. Usiwanong'oneze pembeni ili kesho uwaruke. Sema kwa sauti, hata kama pumzi imekuishia, kwamba wewe ndiye uliyeamuru na lawama ije kwako. Yule mama alinipa hilo akiwa hana hewa ya kujipa mwenyewe.

Mungu akujalie adabu ya kuinamisha uso na ujasiri wa kuuinua. Akupe mkono usiovuta kwa pupa, na mtu wa kukwambia nitazame mimi. Nyumba yako isivuje, wazee wako wasifie barazani, na watoto wako wafike. Haya, nenda, chai imechemka.